Uko ‘in campus’ ama uko ‘on campus’? Herufi chache zilizonifichua kwa mamangu

Mama wa ocha akipiga simu huwa na swali moja la kwanza, na najua wako pia ni hivyo. Kabla ya habari yako, kabla ya umekula nini, anauliza: “Uko wapi?”

Kwa miezi kumi na sita jibu langu lilikuwa moja tu. “Niko shule, mum.”

Na sikuwa nadanganya. Nataka hiyo uielewe mapema, kwa sababu makala haya ni ya sarufi, na bila kuielewa utadhani nimekuja hapa kuungama. Nilikuwa shule kweli. Nilikuwa hatua kama thelathini kutoka lango kuu, kwa kibanda cha mabati chenye mashine moja ya fotokopi, printa moja na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulifungwa na waya. Comrades walinijua. Mabawabu walinijua. Kuna mhadhiri alikuwa ananiachia notisi nizitoe nakala mia moja na hamsini za darasa ambalo, mambo yangekuwa sawa, mimi mwenyewe ningekuwa nimeketi ndani nikizisubiri.

Nilitoka Agosti 2022, mwaka wa pili, muhula wa pili. Karo ilinilemea, hakuna hadithi ndefu hapo. Siku ya kuchukua kadi ya mtihani karani aliandika nambari yangu ya usajili, akaangalia skrini, akaniambia, “Hauko kwa sistimu.” Hakuwa mkali. Alisema tu vile mtu wa duka husema maziwa yameisha.

Sasa niambie wewe. Mtu kama mimi, aliyeamka kila asubuhi akaenda chuo na kutoka jioni, alikuwa chuo ama hakuwa? Kwa Kiswahili chetu cha Nairobi, alikuwa. Kwa Kiingereza, inategemea. Inategemea vitu vidogo sana: “in”, “on”, “at”, na zaidi ile “the” ambayo tulifunzwa darasa la nne tukaisahau la tano.

Wacha nianze na pesa, kwa sababu ndiyo ilinifanya niangalie hivi vitu.

Katikati ya 2023 nilianza kutafuta kazi za mtandaoni, zile za kusikiliza sauti ya mtu na kuandika kila anachosema. Unalipwa kwa dakika ya sauti. Si dakika ya wewe kukaa hapo umeng’ang’ana na hedifoni, ni dakika ya sauti yenyewe, na hiyo tofauti utaijua siku ya kwanza mgongo ukianza kuuma. Kabla hujapewa kazi unafanya jaribio. Langu lilikuwa la msichana wa Marekani akieleza jinsi wanafunzi wanavyotafuta pa kulala. Mara tatu alisema aliishi “on campus”. Mara tatu mimi niliandika “in campus”.

Niliskia vizuri, usidhani. Nilimsahihisha! Kichwani nilijiambia, pole, dada, umeteleza, wacha nikurekebishie. Kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kuskia mtu akisema “on campus”. Sisi husema “when I was in campus”. Jirani wa ghorofa ya pili husema hivyo, mwalimu aliye kwa mazoezi husema hivyo, mheshimiwa husema hivyo kwa mazishi akitaka tujue kwamba alisoma.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, na alama nyekundu pale pale, mara tatu. Nilianguka. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kazi yenyewe, kwa sababu katika kazi hiyo unaandika kilichosemwa, si kile ungesema wewe. Kosa la pili ndilo lilinikosesha usingizi. Kumbe yeye alikuwa sawa na mimi ndiye nilikuwa nimeteleza?

Nilienda kusoma. Neno “campus” ni la Kilatini, na maana yake ni uwanja, ardhi tambarare iliyo wazi. Lilianza kutumiwa kwa mambo ya chuo kule Princeton, Marekani, karne ya 18, na walichokuwa wanakitaja kwa hilo jina ni ile ardhi iliyozunguka majengo. Hawakuwa wanataja masomo, wala digrii, wala wanafunzi. Ardhi tu. Na ardhi kwa Kiingereza unakuwa juu yake. Mchezaji yuko “on the field”, mkulima yuko “on the farm”, na ile ilani ukutani inasema hakuna kuvuta sigara “on the premises”. Ukiona hivyo “on campus” haina maajabu yoyote. Uko kwa uwanja wa chuo, basi. Ukilala kwa zile hosteli za nje ya geti ambako maji huja Jumanne na Ijumaa, uko “off campus”.

Kumbuka hiyo maana ya uwanja, kwa sababu inaleta jambo ambalo kwangu lilikuwa kama kofi. Mtu wa “on campus” si lazima awe mwanafunzi. Anayefyeka nyasi yuko “on campus”. Paka wa mesi yuko “on campus”. Ile siku naingia ndani kumpelekea mhadhiri nakala zake, mimi pia nilikuwa “on campus”.

Lakini yule Mkenya anayesema “in campus” hamaanishi uwanja. Hilo ndilo watu wanaotucheka mitandaoni hawalioni. Sisi tulichukua neno tukaliweka safu moja na “in school” na “in high school”. Tunamaanisha kipindi cha maisha, kuwa ndani ya kundi, kuwa na kitambulisho chenye picha mbaya. Ukiniambia ulipata mtoto ukiwa “in campus”, sikuulizi kama ni karibu na maktaba ama nyuma ya mesi. Naelewa ulikuwa bado unasoma. Mimi naona hilo ni neno linalofanya kazi, na kwa maongezi yetu wenyewe sitaliacha.

Shida ni ukiandikia mtu wa nje. Yeye hana hicho kipindi cha maisha kwa neno hilo. Kwa hivyo kama unataja mahali, andika “on campus”. Kama unataja kwamba wewe ni mwanafunzi, Mwingereza atakuelewa ukisema “at university”, na Mmarekani ukisema “in college”. Na hapo chunga, maana “college” ya Mmarekani ni pamoja na vile vyuo vikuu vya digrii, hali yetu “college” ni pale unapoenda kuchukua diploma ama cheti. Nina rafiki aliyekataa kuandika “in college” kwa fomu ya ng’ambo, eti itamshusha hadhi. Aliandika “in campus”. Sijui walimwelewaje.

Sasa tufike Desemba, kwa sababu hapo ndipo “the” inaingia.

Nilienda ocha, Kakamega, Krismasi ya 2023. Dadangu mdogo alikuwa amefunga shule, anaingia kidato cha nne, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa rundo la mazoezi ya likizo. Jioni moja akaniletea daftari kwa kochi. “Brathe, wewe si ndio uko campus, nisaidie hapa.”

Zoezi lilikuwa la kujaza pengo: uandike “the” ama uache wazi. Fundi wa mabomba ameenda dash prison kurekebisha bomba. Mjomba amevunjika mguu, yuko in dash hospital. Hivyo hivyo, sentensi ishirini.

Nilimfunza vizuri, na kwa sababu nilimfunza vizuri wacha nikufunze na wewe.

Kuna majengo machache ambayo Kiingereza huyachukua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni jengo kama jengo, kuta na paa. Njia ya pili ni ile kazi jengo lilijengewa. Ukiwa hapo kwa ile kazi yake, “the” inaanguka. Ukiwa hapo kwa shughuli zako nyingine, “the” inabaki.

Chukua Kamiti. Aliyefungwa yuko “in prison”. Mamake aliyesafiri usiku kucha kumwona, na anapanga foleni na mfuko wake, yuko “at the prison”. Wote wawili wako pahali pamoja, saa moja, pengine wanaangaliana usoni. Herufi tatu ndizo zinakuambia nani ataenda nyumbani jioni.

Mgonjwa aliyelazwa Kenyatta yuko “in hospital”. Anayeuza samosa kwa korido yuko “at the hospital”. Muumini yuko “in church”, lakini fundi anayepaka rangi Jumatano yuko “in the church”. Mtoto anaenda “to school”. Baba aliyeitwa kwa sababu ya huyo mtoto anaenda “to the school”, na kawaida anaenda na hasira. Baharia aliye kazini siku arobaini majini yuko “at sea”, na wewe uliyepanda SGR kwenda Mombasa kupiga picha ufuoni uko “by the sea”. Aliyelala yuko “in bed”, simu yake iko “on the bed”.

Hata nyumbani. “At home” ni kwenu, kwa chai yako na kelele zako. Ukiweka “a” ukasema mtoto yuko “in a home”, umesema ni nyumba ya watoto, pengine hana wazazi. Hiyo dadangu aliiandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kwa insha alikuwa ameandika babu yetu anaishi “in a home” akimaanisha yuko kwake salama, na mwalimu alimwandikia pole.

Usikimbie na hii sheria kila mahali, lakini. Soko, benki, ofisi, sinema, msikiti, hizo zinashika “the” hata kama umeenda kwa kazi yake halisi. Unaenda “to the market” kununua nyanya na unaenda “to the market” kutafuta mtu aliyekukopa. Dadangu aliniuliza kwa nini kanisa liiachie “the” na msikiti ukatae. Nilimwambia hivi ninavyoona mimi, kwamba Waingereza walikaa na kanisa karne nyingi mpaka likawa kwao kama kitanda na shule, kitu ambacho hakihitaji kutambulishwa. Msikiti ulifika kwa lugha yao kama mgeni. Akasema hiyo si haki. Nikamwambia apeleke malalamiko kwa mwalimu.

Na Mmarekani ana yake. Yeye akilazwa ni “in the hospital”, mgonjwa na muuza samosa wote sawa. Kwa hivyo ukiskia hivyo kwa filamu usirudi kunitukana. Magazeti yetu hufuata njia ya Uingereza, na mtihani wa KCSE pia, kwa hivyo mwanafunzi ashike hiyo.

Mwisho wa zoezi mwalimu alitaka sentensi mbili zako mwenyewe, moja na “the”, moja bila. Dadangu alifikiria kidogo akaandika. Ya kwanza: “My brother is at college.” Ya pili: “The man who makes photocopies is at the college.”

Lazima nikueleze alimjua vipi huyo mtu wa fotokopi. Mimi ndiye nilimwambia. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa na hadithi nyingi za kibanda na hakuna mtu wa kumwambia, kwa hivyo nikawa nampigia yeye nikimsimulia za “jamaa mmoja wa fotokopi hapa getini kwetu”. Siku yule jamaa alinyeshewa hadi mashine ikaingia maji. Siku comrade alitoroka bila kulipa, akarudi baada ya wiki na mkate. Dadangu alimpenda sana huyo jamaa. Alikuwa ananiuliza, “Na yule wa fotokopi anaendeleaje?”

Akanipa daftari nisahihishe. Niliweka tiki kwa zote mbili.

Sikulala. Asubuhi nilimkuta mathe nyuma ya jikoni akipukuchua mahindi, nikavuta kigoda nikaanza kumsaidia. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Nikasema, “Mum, mimi siko chuo.”

Akaniangalia. “Si naona. Uko hapa.”

Nilijaribu tena. “Hapana, mum. Namaanisha hata nikienda Nairobi siko chuo.”

“Mmefunga mpaka lini?”

Wewe cheka, lakini mimi nilikuwa natoka jasho. Lugha ambayo ilinificha miezi kumi na sita sasa ilikuwa imekataa kuniachilia. Sikuwa na “the” ya kuweka wala kutoa. Ilibidi niache kabisa kutaja mahali. Nikasema, “Mum, sisomi. Niliacha kusoma.”

Hapo mahindi yalisimama.

Nimeifikiria sana hiyo asubuhi, na hii ndiyo sababu hasa naandika. Tunapofunzwa hizi “in” na “at” na “on”, tunaambiwa Kiswahili hakina hizo tofauti, eti sisi tuna -ni moja ya kubandika kila mahali. Chuoni, gerezani, hospitalini, kanisani. Mfungwa yuko gerezani na mamake yuko gerezani. Ni kweli -ni haichagui. Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakijali. Kinachagua mahali pengine: kwa kitenzi. Hatusemi tu mjomba yuko hospitali, tunasema amelazwa. Tunasema amefungwa, anasoma, anasali. Mwingereza anaweka mzigo wote kwa kile kineno kidogo mbele ya jengo, sisi tunauweka kwa tendo. Ndiyo maana ukitafsiri “he is in hospital” ukaandika “yuko hospitali”, umepoteza kitu. Ni “amelazwa”.

Kwa hivyo mamangu angeniuliza mara moja tu, “Unasoma?”, ningeshikwa hapo hapo. Kwa bahati yangu, ama kwa balaa yangu, wazazi wetu huuliza uko wapi.

Na hata hiyo “uko” ina kesi yake. Tulisoma ngeli ya mahali, pa-ku-mu, tukaikariri kwa ajili ya karatasi ya pili tukaitupa. Yupo ni pale mahali dhahiri. Yuko ni huko, kwa jumla. Yumo ni ndani. Nairobi tumebaki na -ko peke yake. Niko, uko, iko, hata kitu kikiwa mfukoni tunasema kiko. Mtanzania atakuambia “nipo”, na mara moja unajua umevuka Namanga. Lakini “yumo” ni neno kali sana, kwa sababu halitaji kuta tu, linataja kuwa miongoni mwa wengine. Majina yakibandikwa ukutani unauliza, jina langu limo? Hicho ndicho yule karani alikuwa ananiambia. Nilikuwepo mbele yake, nimeshika meza yake. Sikuwemo.

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari angenikemea pia kwa hiyo “hauko”. Kwa sanifu kukanusha “uko” ni “huko”, na “umo” inakuwa “humo”. Ona sasa huo mtego. “Huko” ni wewe hauko, na pia “huko” ni mahali fulani kule. “Humo” ni wewe hauko ndani, na “humo” ni ndani mle. Ukimwandikia mtu “wewe humo humo”, umemwambia hayumo ama umemwambia akae ndani? Labda ndiyo maana mtaani tuliamua “hauko” na tukaendelea na maisha.

Turudi kwa mahindi. Mathe aliuliza maswali mawili. Tangu lini? Nikamwambia. Na ile pesa? Kila mwisho wa mwezi alikuwa ananitumia shilingi elfu tatu za maziwa, “za kupunguza karo”. Nikamwambia zilienda kwa kodi ya nyumba na wino wa mashine. Akainuka akaingia jikoni, na hakuniongelesha mpaka kesho yake jioni. Dadangu naye alifuta ile sentensi ya kwanza kwa daftari kwa rababa hadi karatasi ikatoboka. Ya pili aliiacha. Iko sawa, hakuna mwalimu angeikata.

Kesho yake jioni mathe aliweka ugali mezani akasema, bila kuniangalia, “Kwa hivyo hiyo mashine nusu ni yangu.” Nikasema ndiyo. Bado ni yake nusu, na huuliza hesabu.

Wacha nikupe yale mengine haraka, kwa sababu najua kuna mtu anajaza fomu ama anaandika barua ya kazi usiku huu.

Kwa Kiingereza basi, treni, ndege na meli unakuwa “on”. Gari dogo na teksi unakuwa “in”. Sababu ambayo hutolewa ni kwamba zile za kwanza unaweza kusimama na kutembea ndani. Bodaboda ni “on”, hapo hakuna ubishi. Matatu ya watu kumi na wanne mimi huandika “in”, kwa sababu yeyote aliyejaribu kusimama humo wima anajua dari liko wapi. Zile kubwa za kuketi watu thelathini na kitu, “on”. Kituoni ni “at the stage” kwetu, lakini mgeni mwambie “at the bus stop”, la sivyo atadhani unaenda kuigiza. Mjini ni “in town”, bila “the”, ukimaanisha ule mji ambao wewe na unayemwambia mnaujua. Kazini ni “at work”, lakini ofisini ni “at the office”. “At the work” hakuna.

Na kama wewe ni kama mimi, uliingia na hukumaliza, usiandike “I am in campus” kwa barua ya kazi. Mkubwa atasoma kwamba bado unasoma na ataweka barua kando akidhani huna wakati. Usiandike “graduate” pia, hiyo watakuja kuulizia cheti. Andika “I studied at”, kisha jina la chuo, kisha miaka. Yangu inasema 2020 mpaka 2022. Ni kitenzi cha wakati uliopita na miaka miwili, na hakuna mahali imesema nilimaliza. Niliogopa sana kuiandika mara ya kwanza. Kwa jaribio la pili la ile kazi ya kuandika sauti, mapema 2024, niliweka hivyo, nikaskiza kila neno kama lilivyosemwa, na wakanichukua. Silipwi vizuri hivyo. Kibanda bado kiko.

Mathe bado hupiga simu Jumapili jioni. Swali la uko wapi aliliacha. Siku hizi nikishika tu ananiuliza, “Saa hii unafanya nini?”